Sumu ya Madini kwa Mifugo: Mahali Inapojificha na Namna ya Kuitambua

Utangulizi

Ng'ombe aliyelala mzima hukutwa asubuhi amesimama pembeni mwa zizi, kichwa amekigandamiza ukutani. Haoni. Akisukumwa hujigonga mlangoni; kope na masikio yanamchezacheza, anasaga meno, na mate yenye povu yanamtoka. Nyumbani husemwa ni kichaa cha mbwa, jirani husema ni ndigana, na mwingine hutaja mkono wa mtu. Kabla jua halijapanda sana swali hubadilika: je, achinjwe upesi kabla hajafa, ili nyama isipotee?

Hapo ndipo utambuzi wa ugonjwa wa mnyama unapoihusu familia nzima. Ikiwa ng'ombe huyo amelamba betri chakavu ya gari, ini na figo zake zimebeba risasi, maziwa aliyokamuliwa jana yanaweza kuwa nayo, na betri yenyewe pengine bado iko uani wanapocheza watoto. Kumchinja na kumla ni kuihamisha sumu kutoka zizini kwenda jikoni.

Makala haya yanaeleza namna sumu ya madini inavyotambuliwa kwa mifugo, kwa kutumia mifano mitatu: risasi kwa ng'ombe, shaba kwa kondoo, na floraidi kwa mifugo inayonywa maji ya maeneo ya volkano. Mifano hiyo imechaguliwa kwa sababu kila mmoja unafundisha jambo lake, na yote kwa pamoja inaonyesha kanuni moja: kila madini yana mahali pake pa kujificha mwilini. Anayetafuta mahali pasipo penyewe hupata jibu la maabara linalosema "kawaida", ilhali mnyama anakufa kwa sumu.

Chakula na sumu

Mwili wa mnyama, kama ulivyo wa binadamu, unahitaji madini. Shaba hushiriki katika utengenezaji wa damu, rangi ya manyoya na afya ya mishipa ya fahamu. Floraidi kwa kiasi kidogo huimarisha meno. Risasi, kwa upande wake, haina kazi yoyote inayojulikana mwilini, na kila kiasi kinachoingia ni mzigo.

Hata madini yenye faida hugeuka sumu yakizidi, na mpaka kati ya faida na madhara haufanani kwa wanyama wote. Kiasi cha shaba kinachomfaa ng'ombe wa maziwa kinaweza, kikitolewa kila siku kwa miezi michache, kumuua kondoo anayelishwa kutoka hori lilelile. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mtaalamu ni mnyama wa aina gani, wa umri gani, amekula nini, na kwa muda gani.

Risasi kwa ng'ombe

Ng'ombe ni mnyama mdadisi. Hulamba na kutafuna vitu vigeni, hasa akikosa chumvi na madini katika malisho. Sahani za ndani ya betri ya gari zina ladha inayomvutia. Vyanzo vingine ni mbao na mabati yenye rangi ya zamani, majivu ya betri au takataka zilizochomwa, na udongo au majani yaliyo karibu na mahali risasi inapochimbwa au kuyeyushwa. Ndama huathirika zaidi, kwa kuwa matumbo yao hufyonza risasi kwa wingi kuliko ya ng'ombe wakubwa, na maziwa wanayonyonya huongeza ufyonzaji huo.

Vipande vizito vya risasi havipiti upesi. Hutua katika tumbo la pili, lile lenye ukuta unaofanana na sega la asali, na kuyeyuka kidogo kidogo. Hivyo mnyama anaweza kuumwa leo kwa kitu alichokimeza majuma kadhaa yaliyopita, na betri iliyokuwa chanzo ikawa imekwisha kuondolewa na kusahauliwa.

Risasi ikiingia katika damu, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi hushikamana na chembe nyekundu. Huvuruga vimeng'enya vinavyotengeneza himoglobini, huingia katika ubongo na kudhuru neva, kisha sehemu yake huhifadhiwa katika mifupa, kwa kuwa mwili huidhania kuwa kalisi. Katika sumu kali, ishara za ubongo ndizo zinazotangulia: upofu, kope na masikio kuchezacheza, kusaga meno, kugandamiza kichwa ukutani, kuzunguka ovyo, degedege, na baadhi ya ndama kufa ghafla bila kuonekana wakiumwa. Tumbo kubwa husimama kufanya kazi. Mnyama hali wala hacheui.

Upofu huo una alama inayosaidia sana. Tochi ikimulikwa katika jicho, mboni husinyaa kama kawaida, ingawa mnyama haoni. Maana yake ni kwamba jicho na mshipa wake ni vizima, na dosari iko katika ubongo. Katika upofu unaotokana na upungufu mkubwa wa vitamini A, mboni hubaki wazi na haiitikii mwanga ipasavyo. Kipimo hicho hakihitaji maabara wala gharama, na kinapunguza idadi ya magonjwa ya kufikiriwa.

Hata hivyo hakiyaondoi yote. Upungufu wa vitamini B1 unaodhuru ubongo wa wanyama wanaocheua hutoa upofu wa namna hiyohiyo. Kumpa mnyama sindano ya vitamini B1 na kuona akipata nafuu hakuthibitishi kwamba tatizo lilikuwa upungufu huo, kwa kuwa vitamini hiyo humsaidia pia ng'ombe mwenye sumu ya risasi. Kichaa cha mbwa nacho kinapaswa kuwa akilini daima katika nchi za Afrika Mashariki: mtu asiingize mkono mtupu katika kinywa cha mnyama anayetoa mate kwa kudhani amekwamwa na kitu kooni. Vilevile kuna ndigana kali ya ubongo, ugonjwa wa kizunguzungu ambao Wamasai huuita ormilo, unaotambuliwa kwa kuangalia sampuli kwa hadubini.

Kinachomaliza ubishi ni kipimo cha risasi katika damu nzima au katika figo na ini. Kiwango cha takriban mikrogramu 35 za risasi katika kila desilita ya damu, au miligramu 10 kwa kila kilo ya ini au sehemu ya nje ya figo, kikiambatana na ishara zilizotajwa, hukubaliana na sumu ya risasi kwa aina nyingi za wanyama. Maabara ikipelekewa maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe, yaani seramu, itakuwa imepewa sehemu ambayo karibu haina risasi. Jibu litaonekana zuri, na litakuwa la kupotosha.

Shaba kwa kondoo

Sumu ya risasi mara nyingi hujitangaza. Sumu ya shaba kwa kondoo hukaa kimya. Ini la kondoo huipokea shaba kwa urahisi lakini huitoa kwa shida kupitia nyongo. Kila siku ziada kidogo huwekwa akiba. Kwa majuma au miezi kondoo hula, hunenepa na huzaa, na mfugaji haoni dosari yoyote.

Kisha hutokea jambo la kumtikisa: safari ndefu ndani ya gari, baridi kali, njaa, kufukuzwa na mbwa, au siku za mwisho za mimba. Ini lililojaa huachia shaba katika damu kwa ghafla, na chembe nyekundu hupasuka kwa wingi. Kondoo huwa dhaifu, macho na ufizi hugeuka manjano, mkojo huwa mwekundu au wa rangi ya kahawa nzito, na wengi hufa ndani ya siku moja au mbili. Mzoga ukifunguliwa, ini huwa la manjano na figo hukutwa zimevimba na kuwa nyeusi yenye mng'ao wa chuma.

Chanzo mara nyingi kimo katika nia njema. Mfugaji mwenye ng'ombe wa maziwa na kondoo wachache huwapa wote chakula kimoja cha dukani, au jiwe la chumvi lililotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Mwingine hutumia masalia ya banda la kuku kama chakula cha kuongeza protini, ilhali kuku walilishwa madini yenye shaba. Mwingine huchanganya mrututu kwa ajili ya kuosha kwato, kisha kondoo wakanywa maji yaliyobaki. Chakula chenye miligramu 15 hadi 20 tu za shaba kwa kilo kinaweza kumdhuru kondoo kwa muda mrefu iwapo malisho yana upungufu wa molibdeni, kwa kuwa molibdeni, ikishirikiana na salfa, huinasa shaba tumboni na kuzuia isifyonzwe. Mbuzi huvumilia zaidi kuliko kondoo, na ng'ombe mkubwa zaidi ya mbuzi.

Mkojo mwekundu humpeleka mtu haraka kwenye magonjwa ya kupe, na si makosa kuyafikiria. Ugonjwa wa kukojoa damu unaoletwa na vijidudu vya babesia huwa na homa kali, na vijidudu huonekana katika damu chini ya hadubini. Homa ya mgunda nayo yaweza kuleta manjano na mkojo mwekundu. Katika sumu ya shaba, homa kwa kawaida si dalili kuu, na historia ya chakula ndiyo inayofungua mlango.

Hapa mahali pa kutafuta hubadilika. Kabla ya kishindo hicho, damu ya kondoo inaweza kuonyesha shaba ya kiwango cha kawaida, takriban mikrogramu 1 kwa mililita, ilhali ini limejaa. Wakati wa kishindo, kiwango cha damu mara nyingi hupanda hadi mikrogramu 5 au hata 20. Ini lenye zaidi ya miligramu 150 za shaba kwa kilo ya uzito mbichi ni ushahidi mzito kwa kondoo. Kwa kundi lililobaki, ambalo bado linaonekana zima, vipimo vya vimeng'enya vya ini katika damu huwa na thamani kubwa: hupanda kabla ya kishindo na humwonyesha daktari ni kondoo gani wako hatarini. Kifo cha kondoo mmoja kwa sumu ya shaba kichukuliwe kuwa onyo kuhusu wote waliokula pamoja naye.

Mhudumu wa afya ya binadamu atautambua mwenendo huu. Katika ugonjwa wa Wilson, ambao ni wa kurithi, ini la mtu hushindwa kuitoa shaba kupitia nyongo. Shaba hujikusanya kimyakimya kwa miaka, na baadhi ya wagonjwa hufika hospitalini kwa mara ya kwanza wakiwa na manjano na chembe za damu zinazopasuka.

Floraidi katika maji ya volkano

Katika sehemu za Bonde la Ufa, hususan kuzunguka Mlima Meru mkoani Arusha, maji ya chemchemi, mito na visima vingi yana floraidi kwa wingi kutokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa ya binadamu yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania ililazimika kuvumilia hadi miligramu 8 vijijini, kwa kuwa kiwango cha chini ya hapo hakikuweza kufikiwa katika maeneo hayo. Mifugo hunywa maji hayohayo, na hunywa mengi.

Floraidi hujificha katika meno na mifupa. Meno huathirika tu iwapo mnyama alikunywa floraidi nyingi wakati meno yake ya kudumu yalipokuwa yakijengwa ndani ya taya, kwa ng'ombe takriban kuanzia miezi 6 hadi miaka 3. Hutoka yakiwa na madoa meupe kama chaki, kisha ya kahawia, na huisha upesi bila mpangilio. Mnyama aliyeletwa kutoka mahali pengine akiwa mkubwa hatakuwa na meno hayo hata akinywa maji hayo kwa miaka. Kwake tafuta kuchechemea, mifupa ya miguu iliyovimba, na kupungua kwa maziwa. Ng'ombe mwenye meno mabovu wakati mwingine hulamba maji kwa ulimi badala ya kuyanywa, kwa sababu ubaridi unamuuma.

Mkojo huonyesha floraidi iliyoingia siku za karibuni, ilhali mfupa huhifadhi kumbukumbu ya maisha yote. Mnyama aliyehamishiwa kwenye maji salama anaweza kuwa na mkojo wenye floraidi kidogo huku mifupa yake ikiwa bado imejaa. Sampuli iliyo rahisi kuliko zote hapa ni chupa safi ya plastiki yenye maji ya kisima. Chupa ya kioo haifai, kwa kuwa floraidi huweza kushambuliana na kioo.

Hatua za utambuzi

Utambuzi wa sumu ya madini hupita katika hatua tano, na mpangilio wake una maana.

Ya kwanza ni historia. Ni wanyama wangapi wanaumwa, na wa umri gani? Je, wanaoumwa wanashiriki hori, kisima au uwanja mmoja? Kuna chakula kipya, jiwe jipya la chumvi, dawa iliyomwagika, gari bovu, mabati yaliyokwanguliwa rangi? Magonjwa ya kuambukiza huanza na mmoja na kuenea. Sumu mara nyingi huwapata kwa pamoja wale waliokula pamoja.

Ya pili ni kumchunguza mnyama: macho na itikio la mboni, rangi ya ufizi, joto la mwili, mwendo wa tumbo kubwa, rangi ya mkojo, hali ya meno na miguu.

Ya tatu ni kuondoa magonjwa yanayofanana, hasa yale yanayoua binadamu. Mnyama aliyekufa ghafla, akavimba upesi na kutoka damu nyeusi isiyoganda puani au mkunduni, asifunguliwe. Kimeta lazima kiondolewe kwanza kwa tone la damu kutoka sikioni linaloangaliwa kwa hadubini. Aliyepasua mzoga wa kimeta akitafuta risasi amejiweka hatarini yeye na kijiji chake.

Ya nne ni sampuli sahihi kwa madini yanayoshukiwa:

– Kwa risasi: damu nzima katika chupa yenye dawa ya kuzuia isigande, kwa mzoga, kipande cha figo na cha ini, pamoja na vilivyomo katika tumbo la pili.
– Kwa shaba: ini kwanza, kisha figo; kwa walio hai, damu kwa ajili ya shaba na vimeng'enya vya ini; pia sampuli ya chakula chote kinachotumika.
– Kwa floraidi: maji, mkojo, na kwa mzoga kipande cha mfupa na taya yenye meno.

Vipande vya kupimwa madini vihifadhiwe katika baridi, kila kiungo katika mfuko wake safi, na visitumbukizwe katika fomalini. Vipande vidogo vya kuangaliwa kwa hadubini ndivyo vinavyowekwa humo. Kila mfuko uandikwe aina ya mnyama, tarehe, kiungo na madini yanayoshukiwa, kwa kuwa maabara haiwezi kutafuta kila sumu katika kila sampuli.

Ya tano ni kurudi mahali pa tukio. Jibu la maabara husema risasi imo katika figo. Halisemi imetoka wapi. Mpaka chanzo kionekane na kuondolewa, utambuzi haujakamilika. Nchini Tanzania, mfugaji huanza kwa afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wa wilaya, ambaye ndiye anayeweza kupeleka sampuli katika Wakala wa Maabara ya Veterinari au, pale sumu inapoweza kuwa imegusa watu, kushirikisha Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kutoka zizini hadi nyumbani

Kiwango cha risasi kinachomwangusha ng'ombe ni kikubwa mara nyingi kuliko kile kinachomdhuru mtoto. Kwa ng'ombe, sumu hushukiwa kwa nguvu damu inapofikia mikrogramu 35 kwa desilita. Kwa binadamu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe kuanzia mikrogramu 5, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mtoto mwenye mikrogramu 10 anaweza asiwe na dalili yoyote ya kuonekana. Kinachopotea ni uwezo wake wa kujifunza na kutulia darasani. Kwa hiyo mifugo yenye afya haithibitishi kwamba uwanja ni salama, lakini mifugo yenye sumu inathibitisha kwamba si salama.

Historia ya karibuni inatoa ushahidi. Huko Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifanya kazi kwa takriban miaka tisini hadi ulipofungwa mwaka 1994; baada ya hapo watafiti wamekuta risasi nyingi katika udongo, katika viungo vya ng'ombe na kuku, na katika damu ya watoto wa mji huohuo. Katika kitongoji cha Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichofungwa mwaka 2014 kiliacha wakazi na risasi katika damu na udongo. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na shauri likaendelea katika ngazi za rufaa.

Swali la nyama lijibiwe bila kuficha. Mnyama mwenye ishara za sumu ya risasi asichinjwe kwa chakula, na maziwa yake yasinywewe na mtu wala ndama mpaka vipimo vya damu vithibitishe kwamba risasi imepungua, jambo linaloweza kuchukua miezi kadhaa. Wenzake waliokuwa naye malishoni wapimwe pia, hata kama wanaonekana wazima, kwa sababu ng'ombe asiye na dalili anaweza kuwa na risasi katika maziwa. Kupika hakuondoi risasi. Ini na figo ndizo zenye hatari kubwa zaidi. Ini la kondoo aliyekufa kwa shaba nalo lisiliwe. Katika floraidi hali ni tofauti: kiasi kidogo tu hupita katika nyama na maziwa, na hatari kwa familia ni kisima wanachoshiriki na mifugo. Kuchemsha maji hayo hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki, ikawa nzito zaidi. Yanayosaidia ni maji ya mvua, chanzo kingine kilichopimwa, au kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho kimefanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha.

Hasara ya ng'ombe mmoja ni kubwa, na aibu ya kusema amekufa kwa sumu huwafanya wengine wauze nyama usiku. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika sumu ya risasi anayeumbuliwa mara nyingi ni mtoto wa mnunuzi, na huumbuliwa polepole.

Matibabu kwa ufupi

Matibabu ni kazi ya daktari wa mifugo. Katika risasi, hutumika dawa inayoinasa na kuitoa kwa mkojo, vitamini B1, na chumvi ya magnesiamu salfeti kwa mdomo ili risasi iliyo tumboni isifyonzwe. Wakati mwingine tumbo hufunguliwa kwa upasuaji na vipande kutolewa. Mnyama mwenye degedege kali mara nyingi hapati nafuu. Katika shaba, kundi lililobaki hupewa chumvi za molibdeni na salfa kwa uangalizi, huku chakula kikibadilishwa na wanyama wakiepushwa na misukosuko. Meno yaliyoharibiwa na floraidi hayarudi. Kinachowezekana ni kuwalinda ndama wanaokua kwa kuwapa maji yenye floraidi kidogo.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mfugaji na familia: betri chakavu zisihifadhiwe wala kuvunjwa nyumbani, na zisichomwe. Kondoo wasipewe chakula wala jiwe la chumvi la ng'ombe, kuku au nguruwe. Mtambo au gari bovu lililo malishoni lizungushiwe uzio. Mnyama mwenye ishara zilizotajwa aripotiwe kabla ya kisu kunolewa.

Kwa mhudumu wa afya: mtoto anapoletwa akiwa na degedege bila homa, upungufu wa damu usioelezeka, maumivu ya tumbo yanayojirudia au kudorora kwa akili, historia iulizwe hadi zizini. Je, kuna mifugo iliyokufa au kupofuka karibuni? Kuna mtu anayevunja betri au kuyeyusha risasi, hata ya vyandarua vya uvuvi? Maswali hayo huchukua dakika moja. Jibu likiwa ndiyo, mtoto achukuliwe damu ya kupimwa risasi, na afisa mifugo apewe taarifa siku hiyohiyo.

Kwa daktari wa mifugo: sumu ya risasi ikithibitishwa katika zizi, ripoti isiishie katika faili la mifugo. Kituo cha afya kilicho karibu kijulishwe, na watoto wa boma hilo wapimwe wakati risasi bado iko katika damu yao na haijazama katika mifupa.